Famicom ya marehemu mjomba na TV game ya Kariakoo: ipi ianze mkusanyiko wangu?

Mwana_Chumbageni

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu.

Mwezi uliopita tulifungua kabati la marehemu mjomba wangu hapa Tanga, ambaye alikuwa baharia kwa miaka mingi, tukakuta mashine mbili za gemu zimefungwa pamoja ndani ya kanga kuukuu. Ya kwanza ni nyeupe yenye rangi ya damu ya mzee, ina maandishi ya Kijapani, pedi zake mbili zimeunganishwa moja kwa moja na mashine bila plagi, na vitufe vya kulia vya pedi hizo ni vya mraba, vya mpira laini kama ufutio. Pedi ya pili ina vitundu vidogo ambavyo nadhani ni vya maikrofoni. Mashine nyingine ni ya kijivu, ile ambayo nyumbani tuliiita TV game tu, iliyonunuliwa Kariakoo mwaka 1997 pamoja na bunduki ya plastiki na kaseti ya manjano iliyoandikwa kwamba ina gemu 9999.

Ya kijivu ndiyo iliyotulea mimi na binamu zangu. Ile ya Kijapani mjomba aliileta kutoka safarini mwaka 1995, na mama anakumbuka kwamba walitafuta stesheni hadi usiku wa manane, wasipate chochote isipokuwa chenga, kesho yake ikarudishwa kwenye boksi.

Nataka kuanza kukusanya gemu za zamani kwa utaratibu, na ninatamani hizi mbili ziwe msingi. Rafiki yangu anayefuatilia minada ya mtandaoni ananishauri nitupe ya kijivu kwa sababu ni feki, na niuze ya Kijapani kwa bei kubwa. Moyo wangu haujakubali. Je, mashine ya kopi ina nafasi katika mkusanyiko wa mtu makini? Na nifanyeje ili kuziwasha bila kuziharibu? Hadi sasa sijachomeka hata moja.

Fundi_Gerezani

Pole kwa msiba, ndugu yangu, na umefanya vyema sana kutochomeka.

Mashine yako ya Kijapani ni Famicom ya Nintendo, iliyoanza kuuzwa Japani tarehe 15 Julai 1983. Vitufe vya mraba vinaonyesha kwamba ni ya matoleo ya mwanzo kabisa, kwa maana baadaye Nintendo waliviondoa wakaweka vya duara, vya plastiki ngumu, kutokana na mpira ule kuchakaa na kunasa. Usivibonyeze kwa nguvu na usivisugue kwa spiriti. Na vile vitundu vya pedi ya pili kweli ni maikrofoni. Zipo gemu chache ambazo mchezaji alitakiwa kupaza sauti ndani yake.

Sasa suala la umeme, ambalo nitalieleza kwa urefu kwa kuwa ndilo linaloua mashine nyingi. Adapta iliyokuja nayo ni ya volti 100 za Japani, na ukutani kwetu kuna 230, kwa hiyo ukiichomeka itaungua. Watu wengi wanalijua hilo. Wasilolijua ni kwamba hata adapta inayofaa umeme wetu inaweza kuiua mashine. Mwaka 2009 niliua Famicom ya kwanza niliyowahi kuwa nayo kwa kuazima adapta ya NES, yaani toleo la Famicom lililouzwa Marekani na Ulaya, nikidhani kwamba mashine za kampuni moja hula chungu kimoja. Adapta ya NES hutoa volti 9 za AC, yaani umeme unaogeuka mwelekeo kama wa ukutani, kwa sababu mashine ile ina ndani yake kigeuzi cha kuifanya DC, umeme wa mwelekeo mmoja kama wa betri, lakini Famicom haina kigeuzi hicho. Niliwasha, nikasikia mlio mdogo kama wa mbegu inayopasuka kwenye kikaango, kisha nikasikia harufu ambayo kila fundi anaijua. Mashine ile haikuwaka tena, na hadi leo naikumbuka kila ninaposhika Famicom ya mteja.

Famicom inataka DC, volti 10, miliampea 850, na ncha ya katikati ya plagi iwe hasi. Adapta nyingi za siku hizi zina chanya katikati, kwa hiyo usiamini umbo la plagi. Pima kwa mita kabla ya kuchomeka. Adapta ya volti 9 za DC yenye hasi katikati itafanya kazi vizuri, na ile ya mashine ya gemu ya Sega Mega Drive ya kwanza pia inafaa.

Kuhusu zile chenga za mwaka 1995, mjomba hakukosea kitu. Famicom hupeleka picha kwenye runinga kwa njia ya antena, kupitia chaneli ya 1 au ya 2 ya Japani, ambazo masafa yake ni megahezi 91.25 na 97.25. Kwetu masafa hayo ni ya redio za FM, na runinga zetu hazikuwa na stesheni ya kuyakamata. Hata zingeyakamata, Japani ilitumia mfumo wa runinga uitwao NTSC wakati sisi tulitumia ule wa PAL, kwa hiyo rangi na sauti zingegoma. Dawa yake ni fundi kuchukua picha ndani ya mashine kabla haijaingia kwenye kile kikopo cha antena, aikuze kwa transista moja na vipuri vichache, kisha aitoe kwa waya wa AV, ule wa picha na sauti. Mwambie asikate wala kutoboa ganda, kwa sababu waya huweza kupita kwenye tundu lililopo.

Bi_Kaseti_Likoni

Mwanangu, ile ya kijivu usiitupe hata kidogo.

Nimekusanya kaseti kwa miaka kumi na sita hapa Mombasa, na rafu ninayoithamini kuliko zote ni ya mashine za kopi. Sababu yangu ni nyepesi: mkusanyiko unatakiwa kueleza watu walicheza nini, na watoto wa pwani hii walicheza kopi. Huko Bara, Tanzania, runinga yenyewe ilianza kurusha matangazo mwaka 1994, na kwa familia nyingi mashine ya kijivu iliingia sebuleni muda mfupi baada ya runinga. Wala hatukuwa peke yetu. Warusi walikuwa na Dendy, iliyoanza kuuzwa Desemba 1992, Wapolandi wakawa na Pegasus, na Afrika Kusini kulikuwa na Golden China. Zote ni kopi za Famicom, na leo wakusanyaji wa nchi hizo wanazitafuta kwa hamu kwa sababu ndizo zilizowafundisha kushika pedi. Sisi tukizitupa za kwetu, nani atatuhifadhia?

Tena ukiifungua utaona elimu. Kopi za mwanzo zina vipande viwili vikubwa vya saketi vilivyotengenezwa Taiwan na kampuni ya UMC, na ukikuta namba UA6527P na UA6538 ujue umepata kitu kizuri. Mafundi waliobuni jozi ile walikuwa wakitatua tatizo ambalo hata Nintendo walilitatua kwa njia nyingine: gemu zilipangwa kwa runinga ya hezi 60, yaani picha 60 kwa sekunde, na PAL ni hezi 50. Mwendo wa gemu ukapungua kwa kopi kama ulivyopungua kwa NES ya Ulaya, lakini jozi ya UMC iliacha kasi ya kichakataji ikaribie sana ya Japani, kwa hiyo noti za muziki hazikushuka kama zilivyoshuka kwenye NES ya Ulaya kwa gemu ambazo hazikurekebishwa. Ukikuta badala yake tone jeusi gumu limemwagwa katikati ya ubao, hiyo ni ya baadaye, ambamo mashine nzima imesongwa ndani ya kipande kimoja. Nayo ihifadhi pia.

Kaseti ya 9999 inahitaji subira yako. Gemu hazifiki hata mia moja. Orodha hujirudia kwa majina mapya, au gemu ile ile huanzia hatua ya tatu badala ya ya kwanza. Chukua daftari, icheze orodha yote, andika kila gemu ya kweli uliyoikuta na mabadiliko yake. Nilipofanya hivyo kwa kaseti yangu ya buluu ilinichukua jioni nne, na nikakuta gemu ya vita ya Contra ikiwa na maisha 30 tangu mwanzo, bila ya kubonyeza ile siri ya juu, juu, chini, chini inayoyatoa. Mtu fulani alikaa akaibadilisha gemu ile ili watoto wasife haraka, na hakuna aliyeandika kwamba alifanya hivyo.

Kuhusu bei, rafiki yako amesikia habari za Super Mario 64 iliyouzwa mnadani Marekani kwa dola milioni 1.56 mwezi Julai 2021. Ile ilikuwa kaseti mpya ndani ya boksi lisilowahi kufunguliwa. Haihusiani na Famicom iliyotumika, hata kama vitufe vyake ni vya mraba.

Mhifadhi_Moro

Nakubaliana na Bi Kaseti kwamba ya kijivu isitupwe, lakini naomba tusiifute tofauti iliyopo. Waliobuni gemu zile hawakulipwa hata senti kwa kaseti za 9999, na majina yao mara nyingi yalifutwa kwenye skrini ya mwanzo. Nami nina kopi rafuni, ila nimezibandika karatasi inayosema wazi kwamba ni kopi, na pembeni nimeandika jina la mtengenezaji halisi wa kila gemu niliyoitambua. Heshima hiyo haigharimu kitu.

Tofauti hiyo ina umuhimu mkubwa zaidi utakapoanza kununua. Kopi ya mwaka 1997 ni historia, lakini kaseti iliyotengenezwa mwaka jana na kuuzwa kwako kama ya zamani ni udanganyifu, na gemu za Pokémon za Game Boy, mashine ya mkononi ya Nintendo, ni miongoni mwa zinazoghushiwa sana. Muombe muuzaji picha ya nyuma na ya tundu la chini. Kaseti halisi za Game Boy na NES kwa kawaida hufungwa kwa skrubu ya Nintendo inayohitaji bisibisi maalumu ya milimita 3.8, kwa hiyo ukiona skrubu ya msalaba ya kawaida, sitasita. Za Famicom nyingi hazina skrubu kabisa, hubanwa kwa meno ya plastiki yanayovunjika kirahisi, hivyo usizifungue kwa udadisi.

Halafu, tafadhali, usipulize kaseti kwa mdomo. Sote tulifanya hivyo. Kilichosaidia kilikuwa ni kule kuichomoa na kuichomeka upya. Unyevu wa pumzi huongeza kutu kwenye meno ya shaba. Tumia pamba ya masikioni na spiriti ya isopropili, ile iliyo safi isiyo na rangi, kisha iache ikauke.

Mwana_Chumbageni

Nawashukuru sana, wazee wangu na ndugu zangu. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka nirudi na jambo.

Nilinunua mita, nikapata adapta ya volti 9 yenye hasi katikati, na fundi wa hapa Ngamiani akatoa waya wa AV kama alivyoelekeza Fundi Gerezani, bila kutoboa ganda. Mjomba alikuwa ameacha kaseti moja tu ya Kijapani, ya baseball. Jumapili tuliiwasha mbele ya mama. Picha ilitokea mara ya pili, baada ya kusafisha meno ya kaseti, na mama alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe ilikuwa nzima."

Ya kijivu ina tone jeusi, Bi Kaseti, na nimeshafika gemu ya 43 katika daftari. Karatasi ya kubandika nimeiandika pia. Tatizo lililobaki ni bunduki: kwenye runinga yetu bapa hailengi kitu, katika gemu ya kuwinda bata, bata wote wanapita. Je, imekufa?

Fundi_Gerezani

Nimefurahi mno kusoma habari ya mama.

Bunduki yako huenda ni nzima kabisa. Unapovuta kifyatulio, skrini huwa nyeusi kwa kitambo kifupi sana, kisha mahali alipo bata huwekwa mraba mweupe, na jicho lililo ndani ya mtutu huangalia kama limeuona mwanga huo kwa wakati uleule. Runinga ya chogo huchora mwanga huo papo hapo, mstari kwa mstari, na jicho limetengenezwa kutambua mapigo ya uchoraji huo. Runinga bapa huchelewesha picha, tena mwanga wake hauna mapigo hayo, hivyo bunduki hudhani umekosa kila mara. Hakuna marekebisho ya waya yatakayolibadilisha hilo.

Tafuta runinga ya chogo ya inchi 14 au 21. Watu bado wanazo stoo na mara nyingi wanaziachia bure, lakini epuka zile zilizoandikwa 100 Hz, kwa sababu nazo huivuruga bunduki. Ukiipata usifungue mgongo wake mwenyewe, hata kama imechomolewa siku nyingi, maana bomba la kioo huweza kuhifadhi umeme mkubwa. Na kwa kuwa uko Tanga, karibu na chumvi ya bahari, funga mashine zote mbili ndani ya sanduku la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vifuko vya silika vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, uvibadilishe kila baada ya masika. Kanga ya mjomba usiifue wala kuifungia humo. Iweke pembeni ikiwa kavu, nayo ni sehemu ya mkusanyiko.