Stenti ya vena ya nyonga: tuulize nini kabla ya kusaini?

Mpwapwa: Wakuu, salaam. Mgonjwa ni dada wa miaka 38, mguu wa kushoto umevimba kuanzia pajani, jioni ndiyo balaa. Picha ya CT inasema vena ya nyonga ya kushoto (mshipa unaorudisha damu moyoni) imebanwa na ateri ya kulia (mshipa unaotoa damu moyoni). Bonge la damu hakuna. Daktari kapendekeza stenti, yaani kimrija cha wavu cha kuuweka mshipa wazi.

Katheta: Mpe pole. Ateri inaikandamiza vena kwenye pingili ya tano ya kiuno. Madaktari May na Thurner waliieleza hali hiyo 1957. Ila CT peke yake isiwatoshe. Mtu asiyekunywa maji vya kutosha vena zake husinyaa, picha ikaonyesha mbano mkubwa kuliko uliopo. Tena wengi wana mbano huo na hawaumwi chochote. Ulizeni kama wana ultrasaundi ya ndani ya mshipa: inaingia kwenye ncha ya katheta (mrija mwembamba) na kupima tundu lenyewe. Likiwa limepungua zaidi ya nusu, na mguu unasumbua, hapo stenti ina maana.

Mtu wa Theata: Hapasuliwi. Ni ganzi, sindano kwenye vena ya paja, waya hadi vena kuu ya tumbo, heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda), puto la kupanua, stenti, kisha puto tena. Roho ya kazi ni kipimo. Vena hiyo kwa kawaida huchukua stenti ya upana wa mm 14 hadi 16. Ikiwa nyembamba na fupi, mm 60 kushuka chini, haishiki ukuta. Inaweza kung'oka ikaishia moyoni. Ikiishia chini ya mbano, vena inabanwa upya. Ikizidi sana kuingia vena kuu, inaziba njia ya mguu wa kulia.

Mpwapwa: Asanteni sana. Na baada ya hapo?

Sista Zamu: Kwanza leo pimeni mapaja yote mawili kwa futi ya fundi cherehani, sm 15 juu ya goti, jioni, mwandike. Bila namba hiyo mtabishana kama uvimbe umepungua.

Kiuno kuuma siku kadhaa baada ya stenti ni kawaida. Dawa ya kuzuia damu kuganda asiruke hata dozi moja, na muda wake uandikwe kwenye kadi. Kama anatumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, daktari ajue mapema. Tarehe ya ultrasaundi ya kwanza ya kukagua stenti mwondoke nayo mkononi.

Mguu ukivimba ghafla au ukawa wa bluu, hospitali siku hiyo hiyo: bonge bichi huweza kuondolewa, likikaa wiki kadhaa hugoma. Kifua kikiuma au pumzi ikikata, msisubiri hata saa moja.