Mrejesho: ile nyumba ya Goba niliyouliza kabla ya uchaguzi

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni. Septemba 2025 niliuliza hapa kama ninunue nyumba ya Goba, Dar, kwa milioni 95 au nisubiri uchaguzi wa Oktoba 29 upite. Wengi mlisema subiri. Nilisubiri, na nawashukuru sana.

Siku zile intaneti ilipozimwa na Dar ikawekewa marufuku ya kutoka usiku, hela yangu ilikuwa salama benki. Nililala usingizi jamani.

Desemba muuzaji akapiga mwenyewe: milioni 84. Nilifurahi, nikasema siasa zimeshusha bei. Ila mdau mmoja hapa alikuwa amenisisitizia nifanye upekuzi ardhi kwanza, yaani kukagua rekodi za hati ofisi ya ardhi, na hapo ndipo nilipoishiwa nguvu: hati iko rehani benki, na mke wa muuzaji hana habari kama nyumba inauzwa! Kumbe siyo siasa, ni deni.

Tumeandikishana kwa wakili. Sehemu ya malipo inaenda moja kwa moja benki kufuta rehani, mke asaini ridhaa, kodi ya ongezeko la mtaji (ile ya faida ya kuuza nyumba) alipe muuzaji, salio nitoe hati ikishakuwa na jina langu. Mke wake ameshasaini. Tunasubiri barua ya benki.