Mrejesho: Makinda wa njiwa wenye utando wa njano kooni

Ndugu wafugaji, niliwauliza kuhusu makinda wa njiwa wangu hapa Ngamiani, Tanga, walioota utando wa njano kooni wakashindwa kumeza, na wengi mkadhani ni ndui, jambo linaloeleweka, maana ndui ya mdomoni hufanana nao. Daktari wa mifugo alichukua ute wa koo na kuutazama papo hapo kwa hadubini, kwa kuwa vijidudu vya trikomonasi, ugonjwa wa koo la ndege, hutambulika vikiwa hai na vikitembea, akaviona. Alitoa metronidazoli, dawa ya kuua vijidudu hivyo, kwa kipimo cha uzito wa kila ndege, akakataza kubandua utando, kwani kufanya hivyo huleta damu. Wazazi nao wametibiwa ingawa hawakuonyesha dalili, kwa sababu huambukiza makinda wanapowalisha kutoka goleni, yaani mfuko wa chakula ulio shingoni mwa ndege. Makinda wawili sasa wanameza; yule mdogo alikufa.