Dawa ya mbu ya kupuliza na mtoto mwenye pumu, naombeni ushauri

mama_wawili_ujiji: Habari za jioni wadau. Huku Ujiji mvua zimeanza na mbu wamezidi, baba watoto akirudi tu anafunga madirisha anapuliza dawa ya kopo chumba kizima mpaka uvunguni halafu watoto wanaingia kulala humo humo. Mdogo ana pumu, usiku anakohoa mpaka kifua kinalia. Nikisema naambiwa dawa imethibitishwa haina shida. Ni kweli jamani?

dukani_mwanga: Pole dada. Imethibitishwa ukiitumia kama kopo linavyoelekeza, msomesheni nyuma pale, nyingi zinasema puliza, toka, funga, subiri, kisha fungua hewa ipite ndo watu waingie. Mle kuna pairethroidi ya kuua mdudu, kuna gesi ya kusukuma na mara nyingi kiyeyushi cha jamii ya mafuta ya taa. Matone makubwa yanaishia puani na kooni ila yale madogo kabisa yanashuka mpaka ndani ya mapafu, na mwenye pumu njia zake za hewa zina uvimbe tayari, zinabana fasta.

mzee_wa_gungu: Mbona sisi tumekua nazo na tupo. Kopo likimsumbua washeni koili tu.

nesi_mstaafu: Mzee wangu shikamoo, ila koili hapana kabisa kwa huyo mtoto. Kuna watafiti walipima, majibu yakatoka 2003, koili moja ikiungua yote inatoa chembe laini sawa na sigara 75 hadi 137! Na si za mbu tu mama, hata spirei za vioo na za kunukisha chumba, Ulaya walifuatilia watu zaidi ya 3,500 miaka kama 9 (ilitoka 2007) wanaozitumia kila wiki wakaonekana kupata dalili za pumu zaidi. Mtoto alale kwenye neti yenye dawa, ile dawa iko kwenye nyuzi haielei hewani.

mama_wawili_ujiji: Asanteni sana. Neti ipo nitaishona matundu. Je akipuliza mapema?

nesi_mstaafu: Hapo sawa, jua likiwepo, watoto wakiwa nje na vyombo vyao vimetolewa, kisha fungueni madirisha hewa ipite vizuri na mfunge kabla ya magharibi mbu hawajarudi. Ila ukiona mbavu zinaingia ndani akivuta hewa au anashindwa kuongea mpe inhela yake na umkimbize hospitali ya Maweni usiku huo huo, usisubiri kuche.