Nani anapiga ule wimbo wa tatu kwenye amadinda?

MtuWaMukono:
Wakuu habari za jioni. Wikendi nilikuwa kwenye kwanjula, sherehe ya kutambulishana kabla ya ndoa, wakaleta wapiga amadinda watatu, zile marimba kubwa zinazolazwa juu ya migomba. Nikasogea karibu kabisa nikawa nasikia kijiwimbo fulani kitamu kinajirudia rudia, naangalia mikono ya huyu hakipigi, namwangalia mwenzake aliyekaa upande wa pili naye hakipigi, wa tatu yeye anagonga vibao viwili tu vya mwisho. Nikarekodi na simu, kufika nyumbani nasikiliza bado kipo! Nikampa dada yangu, akaniimbia wimbo mwingine kabisa na rekodi ni ileile. Hii inakuwaje jamani?

boda_ntinda:
Ssebo hiyo ni pombe ya waragi 😂😂

Mwalimu_Tororo:
Boda acha utani. Ndugu wa Mukono masikio yako mazima kabisa, na hilo jambo limechunguzwa hapahapa Kampala. Mwaka 1959 alikuja kijana kutoka Austria anaitwa Gerhard Kubik, akajifunza kwa mzee Evaristo Muyinda, mpigaji wa ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda, aliyekuwa anafundisha pale Uganda Museum, Kamwokya. Kubik naye akaanza kusikia nyimbo zisizopigwa na mkono wowote, na yeye alikuwa mmoja wa wapigaji, anajua fika mikono yake inafanya nini! 1960 akaandika makala akaeleza.

Iko hivi. Amadinda ina vibao 12. Wa kwanza, omunazi, anapiga mstari wake kwa mwendo sawa bila kupumzika, wa pili, omwawuzi, anaingiza mapigo yake katikati ya yale ya mwenzake, pengo kwa pengo. Wakichanganya kasi zinaweza kutoka noti nane au zaidi kwa sekunde moja, tena zinarukaruka, mara juu mara chini. Sikio haliwezi kufuata kuruka kote huko kwa kasi hiyo, kwa hiyo linazikusanya za juu pamoja na za chini pamoja, bila kujali nani kapiga ipi. Hapo ndipo unapata wimbo ambao nusu umetoka kwa huyu na nusu kwa yule, na wao wenyewe hakuna anayeupiga mzima.

Sasa utamu wenyewe ni huyo wa tatu, omukoonezi. Anatega sikio anazichambua noti zinazoangukia vibao viwili vya chini kabisa, kutoka kwa wote wawili, halafu anazirudia kwenye viwili vya juu kabisa. Yaani kazi yake yote ni kuutoa nje wimbo mmoja uliojificha 🔥

Nyabo_wa_Arua:
Asante mwalimu, lakini hujajibu la dada yake. Rekodi moja, nyimbo mbili?

Mwalimu_Tororo:
Haki yako dada. Ni kwamba humo ndani kuna zaidi ya wimbo mmoja, ukishika za juu unapata huu, ukishika za katikati unapata ule. Na kama dada yake anayajua maneno ya Kiganda ya huo wimbo, sikio lake litakimbilia zile noti zinazofanana na maneno.

Mwenye kinanda kwenye simu ajaribu: chukua noti moja ya chini na moja ya juu zilizoachana mbali, zipige kwa kupokezana polepole, utasikia mstari mmoja unapanda na kushuka. Ongeza kasi sana, zinaachana, zinakuwa mbili kila moja na njia yake. Mwanasaikolojia Albert Bregman wa Montreal alifanya majaribio ya namna hii kwenye maabara, matokeo yakatoka 1971. Wazee wa ikulu ya Kabaka pale Mengo walikuwa wanautumia mchezo huo zamani sana, bila maabara.

fundi_lusambya:
Mimi ni mchongaji, nimejaribu hiyo ya simu, kweli zinaachana banange!! Niongeze la mbao. Tunatumia mti wa lusambya. Sauti ikiwa juu mno unachonga tumbo la kibao kwa chini, katikati, inashuka, ikiwa chini mno unapunguza kwenye ncha, inapanda, ila polepole maana mbao ukishaitoa hairudi. Halafu mgomba lazima ukae chini kidogo ya robo ya urefu kutoka kila ncha, hapo kibao kikilia ni kama hakitikisiki, kwa hiyo huizibi sauti. Ukiweka pengine inalia dup dup.

Nyabo_wa_Arua:
Fundi, kwaya yetu wana kinanda cha umeme, tunaweza kuzipiga nyimbo hizi humo?

fundi_lusambya:
Mtapiga ila haitakuwa yenyewe. Sisi oktavu, yaani kutoka noti hadi ileile ya juu yake, tunaigawa hatua tano zinazokaribia kulingana, kwenye kinanda hatua hiyo haipo, vitufe viwili ni karibu mno, vitatu mbali mno. Tafuteni migomba na mbao tu, na wapigaji wa kwanza wawili wasiosikilizana sana, maana ukianza kumfuata mwenzako umepotea.