Mashua ndani ya chupa: foromali inapitaje mdomoni?

Mchonga_Mikindani
Wakuu habari za jioni. Mi nachonga vinyago hapa Mikindani, sasa kuna watu wa hoteli wananiulizia mashua ndani ya chupa wauzie wageni. Nimeangalia video za wazungu, wao wanalaza milingoti halafu wanavuta uzi inasimama, hapo nimeelewa, ila zile ni meli za kwao, vijiti vya matanga vifupi vifupi. Yetu foromali, yaani ule mti unaobeba tanga, ni ndefu kuliko hata mlingoti na tanga ni moja kubwa, inapitaje kwenye mdomo wa chupa ya mvinyo? Au nikate kitako nigundishe tena? Na mpingo ninao mwingi, unafaa?

fundi_wa_Lindi
Kitako usikate mkuu, mteja akishaona ule mstari wa gundi bei imeshuka hapo hapo, utamu wote wa hiki kitu ni mtu kujiuliza imeingiaje.

Foromali inaingia vizuri tu. Mlingoti utoboe chini upitishe waya mwembamba uwe bawaba, ulale kuelekea tezi, yaani nyuma ya mashua. Foromali usiigundishe, ifunge kwa uzi legelege juu ya mlingoti ili izunguke, ukilaza mlingoti nayo inalala sambamba, na hapo urefu hausumbui, cha kupimana na mdomo ni unene tu. Kisha nyuzi mbili: moja kutoka kichwa cha mlingoti, nyingine kutoka ncha ya chini ya foromali, zote zipite kwenye vitobo viwili pale omo, yaani mbele, zitoke mpaka nje ya chupa. Inaingia tezi kwanza. Ukivuta wa kwanza mlingoti unanyanyuka, ukivuta wa pili foromali inakaa mshazari kama ilivyo baharini. Usisahau uzi wa nyuma, wa kutoka mlingotini hadi tezi, huo ndio unauzuia usipitilize ukalalia mbele. Nyuzi zote zipake nta zisichambuke. Ukiridhika tia tone la gundi vitoboni, likikauka kata kwa kiwembe ulichofunga kwenye spoku ya baiskeli.

Mpingo weka wa kile kibao cha kulazia chupa. Mwili wa mashua chonga kwa mti laini, vipande vya mwembe hapo kwenu haviishi.

SomoeKilwa
Kaka kuhusu tanga, tumia karatasi nyembamba, ichovye chai ya rangi ikauke ndo inapata ile sura ya tanga lililopigwa jua. Gundisha ubavu wa foromali tu, kwingine liache huru, utalizungushia kwenye foromali hiyo hiyo wakati wa kuingiza. Bahari tengeneza kwa puti ya madirisha na rangi ya bluu, ingiza vijipande vijipande kwa kijiti usipake shingoni, na mashua ikae puti ikiwa bado laini. Supagluu achana nayo kabisa!! Mvuke wake unaganda kwenye kioo unaacha ukungu mweupe na huwezi kuingiza mkono kufuta. Kizibo nacho usiwahi kukiweka, subiri mpaka harufu ya rangi iishe.

Halafu msiseme ni mambo ya wazungu tu jamani, Yinka Shonibare, msanii mwenye asili ya Nigeria, mwaka 2010 aliweka mfano wa meli ya Nelson, yule admirali wa Uingereza wa zamani, ndani ya chupa kubwa pale Trafalgar Square London, na matanga yake ni vitambaa kama vitenge vyetu. Siku hizi iko Greenwich.

mzee_wa_Msimbati
Wanangu mmesema vizuri ila hamjamwambia kimo. Bahari kwanza, ndipo upime kutoka kwenye puti hadi juu ya kioo, maana foromali ikisimama ncha yake inapita mlingoti na hiyo ndiyo itakayogonga. Inyanyue na kuilaza nje ya chupa mpaka uchoke mwenyewe. Na mlingoti wa mashua huinamia mbele kidogo, ukiuchomeka wima kama nguzo ya umeme sisi wa pwani tutakucheka.

Mchonga_Mikindani
Shikamoo mzee, nimekupata. Asanteni wote. Vipi ngalawa, nayo inawezekana?

fundi_wa_Lindi
Ngalawa matengo, yale mabawa yake ya pembeni, yanazidi mdomo, itabidi uyaingize peke yake uje uyafunge humo ndani kwa koleo ndefu. Chaji zaidi.