UKOO WA BI MWANTUMU, NGAMIANI (Jumapili jioni)

Shangazi Mwanaidi: Assalaam alaykum. Ati Zainabu kaacha ualimu? Nimeyasikia sokoni, tena kwa muuza samaki.

Mama Zai: Waalaykum salaam wifi. Chuo hajaacha, kahama kozi. Sasa ni Kifaransa na uhusiano wa kimataifa.

Shangazi Mwanaidi: Kifaransa? Tanga hii? Atakisema na nani, na minazi?

Bakari: 😂😂😂

Zainabu: Shikamoo shangazi. Shikamooni wote. Bakari acha kucheka.

Shangazi Mwanaidi: Marahaba. Nijibu.

Zainabu: Shangazi, Kifaransa nimeanza kidato cha kwanza, na kidato cha tano nikachukua KLF, yaani Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa. Ualimu niliujaza kwa kuwa kila mtu alisema ndio wenye ajira.

Bakari: Ajira gani, walimu wenyewe wamejaa mtaani wanasubiri

Mjomba Rajabu: Nyie chekeni. Sisi wa bandarini tunajua. Madereva wa Bujumbura Kiswahili wanakijua, karatasi zao ndizo hazikijui. Mwezi uliopita imekuja barua ya mteja, kurasa mbili, mwandiko wa kuku. Vijana washaanza kupakia. Nikampigia Zai picha. Kajibu hapo hapo: mjomba simamisha, anasema kontena la pili lisitoke mpaka mwenzake amalizie malipo.

Shangazi Mwanaidi: Mlimlipa?

Bakari: Mjomba kimyaaa

Mjomba Rajabu: Nilimrushia vocha.

Mama Zai: Ya elfu moja 🙄

Bakari: Zai si uje Chongoleani? Bomba la mafuta lile, Total ya Ufaransa ndiyo yenye hisa kubwa kuliko wote.

Zainabu: Bomba linatoka Hoima, kilomita 1,443, Uganda na Tanzania. Hao wanaelewana kwa Kiingereza na Kiswahili. Pale Kifaransa ni nyongeza tu, sitaki kumdanganya mtu. Mimi macho yangu yako Arusha. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikikubali Kifaransa 2021, na Kongo ikaingia 2022. Halafu kuna Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, hapo hapo Arusha, imepokea kesi za Benin, za Mali. Hizo haziji kwa Kiingereza.

Shangazi Mwanaidi: Na huo uhusiano wa kimataifa mnasoma nini, salamu?

Zainabu: 😅 Sheria za kimataifa, mikataba, historia, nchi zinavyogombana na kupatana. Lugha tupu haina soko shangazi. Utatafsiri mkataba wa mpaka na hujui mpaka unagombaniwa kwa nini.

Bi Mwantumu: 🎤 Ujumbe wa sauti

Shangazi Mwanaidi: Bando langu limekata, mama kasemaje?

Bakari: Bibi anasema Salim Ahmed Salim alipelekwa ubalozi Misri bado kijana kabisa, na hapakuwa na shangazi wa kumuuliza ataongea na nani

Zainabu: Mwaka 1964, ana miaka 22!

Shangazi Mwanaidi: Haya, nimekoma.

Mama Zai: Mimi linaloniumiza kichwa ni ada ya ule mtihani.

Zainabu: DELF, ule wa cheti cha Kifaransa, ngazi ya B2. Sehemu nne: kusikiliza, kusoma, kuandika, kuzungumza, kila moja alama 25. Ukipata 50 umefaulu, ila ukianguka chini ya 5 sehemu moja tu, umekwenda na maji hata jumla iwe nzuri. Kusikiliza ndiko kunanitoa jasho. Kila usiku naweka taarifa ya RFI, redio ya Ufaransa, ile ya Kifaransa chepesi, dakika kumi, narudia mpaka wenzangu chumbani wananirushia mto. Lakini cheti chake hakiishi muda.

Shangazi Mwanaidi: Basi tuchange. Aanze huyo mwenye kontena.

Mjomba Rajabu: Nusu natoa mimi, kesho naituma kwa simu ya dada. Zai, nina barua nyingine hapa, kurasa tatu.

Zainabu: Tuma mjomba. Vocha ninayo.

Bakari: 😂😂😂😂